Mkono Kwanza, Kalamu Baadaye

Kwii. Kwii. Kwii.

Ni gurudumu moja la toroli, limekauka mafuta, linapanda kichochoro saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kwa miaka miwili mwanamke mmoja aliusikia mlio huo akiwa ameinama mbele ya jiko, na kila alipousikia alikaza meno. Alijua kilichobebwa. Ndani ya toroli, juu ya gunia lililokunjwa mara nne, alikaa mdogo wake wa kiume, fundi viatu, amekumbatia sanduku la nyundo na sindano zake, anapelekwa sokoni kama mfuko wa saruji.

Zamani mdogo wake alikuwa fundi wa kupaua. Paa la mwisho lilimtupa chini. Miguu ilibaki, kazi yake ikaondoka. Akajifunza viatu, kwa kuwa viatu hushonwa mtu amekaa. "Mimi nashona vizuri kuliko wenzangu," alikuwa akiwaambia wateja, "sababu viatu vya watu sivionei wivu."

Mchukuzi wa toroli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mizigo mingi. Siku ya kabichi, kabichi zilitangulia, na fundi akasubiri mlangoni jua likimpanda magotini. Siku moja mvua ilipoanza, mchukuzi alimwacha nusu njia chini ya upenu wa duka lililofungwa, akaenda kwanza kuokoa magunia ya unga. Aliporudi, fundi alimwambia, "Kaka, na mimi nikilowa naharibika, ujue." Mchukuzi akacheka, fundi akacheka. Dada yake alipohadithiwa jioni hakucheka. Alitoka uani akaanua nguo zote kambani, mbichi na kavu, akazikunja kwa nguvu kama mtu anayemnyonga adui.

Alikuwa na hasira za siku nyingi, mwanamke huyu, lakini hasira zake zilikuwa na kazi. Wengine hasira huwavunjia vyombo. Yeye zilimtuma kusoma.

Alikuwa tarishi katika ofisi za wilaya, mwaka wa thelathini na moja sasa, jengo la ghorofa mbili lenye ngazi zilizoliwa kingo na nyayo za watu wenye shida. Kazi yake ilikuwa kubeba: mafaili kutoka masjala kwenda kwa wakubwa, barua kutoka kwa wakubwa kwenda idara nyingine. Kwapani alibeba daftari jeusi la jalada gumu. Ukipokea barua, unasaini. Kanuni yake haikuwahi kubadilika: mkono kwanza, kalamu baadaye. Kitu kiingie mkononi mwako, ukione, ukishike, ndipo usaini. Aliijua bei ya kanuni hiyo. Mwaka wake wa tatu kazini, mkubwa mmoja alimharakisha, akamsainisha barua kabla haijatoka mezani, na barua ikapotea baina ya meza na mlango. Daftari lilisema ameipokea. Nani angebishana na daftari? Tarishi alisimamishwa kazi miezi miwili kwa barua ambayo hakuwahi kuigusa. Tangu hapo, hata mkuu wa wilaya akisema, "Nipe nisaini kabisa," alijibu, "Pokea kwanza, mheshimiwa," akasimama pale pale kama mti uliopandwa.

Watu walimwita Bi Tangazo.

Jina hilo lilitoka kwenye ubao wa ngazi za ghorofa ya kwanza, ubao wenye kioo kilichopasuka. Mamia walipita hapo kila siku wakautazama kama wanavyotazama ukuta. Yeye aliusoma. Aliusoma mpaka chini, mpaka jina la mpiga chapa. Na kwa kuwa alisoma, alijua mambo ambayo waliopita hawakuyajua: kwamba idara ya misitu hugawa miche bure kabla ya mvua, kwamba ofisi ya ramani huuza kwa bei ya karatasi ramani zilizoharibika kidogo, kwamba maktaba, kila mwisho wa mwaka, huvitoa vitabu vyake vya zamani kwa yeyote atakayevibeba, kwamba kituo cha mifugo hugawa vifaranga vya kiume, kwa maana wao hutaka wa kutaga tu. Kulikuwa na wiki ya macho, na wiki ya kusajili watoto bila ada. Wiki hizo alizijua kama wengine wanavyojua siku za kuzaliwa za watoto wao.

Na yote hayo aliyafanya zawadi. Shemeji yake alipojifungua, wengine walileta nguo za mtoto na sabuni, yeye alileta cheti cha kuzaliwa ndani ya mfuko wa plastiki, akasema, "Wenzangu wamemvika. Mimi nimemwandika." Mpwa wake alipata ramani ambayo ziwa moja lilichapwa mara mbili, akaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mama yake mzazi alivaa miwani ya wiki ya macho, akatunga uzi kwenye sindano mwenyewe mpaka mwaka aliokufa. Maharusi wote wa ukoo walipata mche. Watu wakawa na msemo wao: "Ukimwalika Bi Tangazo, chimba shimo kabisa."

"Hivi siku mmoja wetu akifa," shemeji alimtania mbele za watu, "utatuletea jeneza la serikali?"

"Likitangazwa," alijibu, "utakuwa wa kwanza kupimwa."

Watu walivunjika mbavu, naye akacheka. Lakini mtu akitamka neno ombaomba, kicheko kilikatika. "Mimi siombi," alisema, na sauti yake ilikuwa na makali. "Anayeomba ni yule asiye na chake. Mimi nafuata changu, kimewekwa mahali nisipopajua ili nisikifuate. Wanabandika tangazo nyuma ya mlango, halafu wanaandika kwenye ripoti kwamba wananchi hawana mwamko. Mwamko! Nyuma ya mlango!"

Na ni kweli, tangazo la baiskeli alilikuta nyuma ya mlango, mlango wa masjala, mwezi wa pili, limefunikwa nusu na ratiba ya mashindano ya mpira ya idara. Baiskeli za magurudumu matatu, za kuendeshwa kwa mikono, kwa watu wenye ulemavu wa miguu, bila malipo. Alilisoma mara tatu akiwa na mafaili kifuani. Mlango ukafunguliwa ukampiga bega. Hakusogea.

Jioni alimpelekea mdogo wake fomu, nakala tatu.

"Barua ya daktari?" fundi alisoma. "Aandike kwamba siwezi kutembea? Si wanione tu, dada?"

"Serikali haioni. Serikali inasoma."

"Na safari hii si mche?"

"Si mche. Ni zawadi yako ya kuzaliwa."

"Mimi wa mwezi wa tisa."

"Basi imewahi. Jaza."

Alijaza kwa mwandiko wa taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, na dada yake akamtazama mikono. Mikono ya mtu aliyepaua nyumba arobaini. Mikono hiyo ingeweza kuzungusha chochote. Ilikosa tu cha kuzungusha.

Miezi ikapita. Kisha likaja jambo la sokoni. Mwenyekiti wa soko alitangaza utaratibu mpya: kila mwenye pembe yake ya biashara awe amefika saa moja kamili asubuhi, la sivyo pembe inapewa mwingine, na wanaoitaka wamejaa. Kwa fundi viatu alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya sanduku lake. "Wewe nakuonea huruma, lakini huruma haifungui soko. Nakupa mpaka Jumatatu ijayo. Ukichelewa Jumatatu, Jumanne usije."

Pembe ile ilikuwa maisha yake yote. Ilikuwa karibu na lango, penye kivuli cha ukuta, mahali ambapo mtu soli yake ikifunguka humwona fundi kabla hajalaani. Kumwondoa pale kulikuwa sawa na kumwambia abaki nyumbani kwake mpaka afe.

Jumatano ya wiki hiyo hiyo, barua ikatoka: Ijumaa, saa nne, viwanja vya ofisi, hafla ya kukabidhi. Bi Tangazo ndiye aliyeibeba. Aliipeleka kwa mdogo wake mbiombio, akamkabidhi mkononi, akafungua daftari akamsainisha kama anavyowasainisha wakubwa. Fundi alisaini akacheka mpaka akatoa machozi. "Jumatatu," alisema, "nitafika sokoni kabla ya mwenyekiti. Nitamkuta anapiga mswaki."

Ijumaa kulikuwa na mahema mawili, viti vya plastiki, na kipaza sauti kilichopiga mluzi kila kilipoguswa. Wapokeaji walikuwa wanne kwenye benchi moja. Wa kwanza mwanamke muuza mboga, ambaye alitembea kwa mikono, viganja vyake vimevaa ndala. Kisha mwalimu mstaafu mwenye magongo. Kisha kinyozi aliyekatwa mguu. Mwisho fundi viatu, shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe. Mbele yao, kwenye zulia, ilisimama baiskeli moja nyekundu, magurudumu matatu, kiti bado kimevaa plastiki.

Mtunza stoo alikuja na kitabu chake kabla mgeni rasmi hajafika.

"Bi Tangazo, wasaini mapema. Mgeni ana haraka, hatutaki asubiri kalamu."

"Hawajapokea kitu."

"Si ile pale? Huioni? Nyingine tatu ziko stoo, zinapakwa grisi."

Alisimama. Miaka thelathini na moja ilisimama pamoja naye. Akamtazama mdogo wake, shingo imenyooka, ndevu zimenyolewa, macho hayatoki kwenye kile chombo chekundu. Akaogopa. Aliogopa kuonekana mkorofi, jina la mdogo wake likafutwa kwa ukorofi wa dada. Akasema, "Haya." Muuza mboga akaweka dole gumba, mwalimu akasaini, kinyozi akasaini, fundi viatu akasaini.

Mgeni rasmi alifika, akahutubia, akasema serikali inajali. Wakaitwa mmoja mmoja. Muuza mboga akabebwa akawekwa kitini, mgeni akashika usukani, picha, makofi, akashushwa. Mwalimu, picha, makofi, akashushwa. Kinyozi vivyo hivyo. Kila mmoja aliambiwa, "Yako inaletwa." Fundi viatu alikuwa wa mwisho, na picha yake ilipokwisha aliomba azunguke kidogo. Mgeni akaona ni jambo zuri kwa kamera. Fundi akashika mipini, akazungusha. Gurudumu likamtii. Alizunguka uwanja mzima, akapita nyuma ya mahema, akatokea upande wa pili akicheka kwa sauti, na dada yake, aliyekuwa amebeba sinia la maji ya chupa, alilazimika kuliweka chini.

Magari ya mgeni yalipotoka, mtunza stoo alimwendea fundi.

"Haya, shuka, bwana fundi. Irudi stoo."

"Si yangu hii?"

"Hiyo ya shughuli. Zenu zinakuja robo ijayo."

"Robo ya nini?"

"Ya mwaka."

Mwalimu mstaafu aliinua gongo moja. "Ulisema ziko stoo zinapakwa grisi."

"Mwalimu, grisi ipo. Baiskeli ndizo bado." Akajaribu kucheka, akaona anacheka peke yake. "Jamani, mimi nafanya kazi ya kutumwa. Hii kesho ina shughuli wilaya ya pili. Gari linaisubiri."

Bi Tangazo alikuwa akikusanya chupa tupu. Aliziachia zote. Chupa zilitawanyika kwenye nyasi.

"Usishuke," alimwambia mdogo wake.

"Dada..."

"Nimesema usishuke!" Akamgeukia mtunza stoo. "Lete kitabu chako."

"Bi Tangazo, sisi wenzio, usinifanyie hivyo."

"Lete." Akakichukua mikononi mwake, akakifungua mbele ya watu. "Hapa pameandikwa nini? Imepokelewa. Kitu kilichosainiwa kimetoka stoo. Si kweli? Na kitu kilichotoka, kikirudi, kinarudi na hati yake ya kurudisha. Iko wapi hati ya kurudisha? Nani kairudisha? Mdogo wangu amerudisha? Mdogo wangu, umerudisha kitu?"

"Sijarudisha kitu," alisema fundi, mikono imekaza mipini.

"Wahenga walisema mpewa hapokonyeki. Maskini wahenga, hawakuwahi kufanya kazi ofisi hii!"

Ofisa ustawi alifika kwa mwendo wa mtu anayetembelea wagonjwa, kijana wa suti, sauti laini. "Mama yangu. Mama. Wewe ni mtu mzima, ni mtumishi. Umebakiza miezi mitatu ustaafu. Usichafue faili lako mlangoni."

"Faili langu nimelibeba mwenyewe miaka thelathini na moja. Uzito wake naujua. Wewe unaujua uzito wa huyu?" Akaonyesha kwa kidole kitini. "Mchukuzi wa toroli anaujua. Kila siku anamtua na kumtwika. Leo mmempandisha mbele ya watu mia, mmempiga picha akicheka, sasa mnamshusha watu wakishaondoka. Hata mwizi, kijana wangu, hata mwizi hakupi kwanza!"

"Hakuna anayemnyang'anya mtu. Ni utaratibu."

"Basi tuufuate." Akapitisha kidole kwenye ukurasa, akasoma kwa sauti ya kuitia watu. "Namba ya fremu, sifuri sifuri saba mbili moja, muuza mboga, dole gumba. Mstari wa pili, sifuri sifuri saba..." Akasoma tena kimoyomoyo. Akainua uso. "Nambari ni moja. Mistari minne, nambari moja. Mmewasainisha watu wanne kitu kimoja!"

Kisha mwalimu mstaafu akasema, polepole, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi, "Kwa hiyo na mimi ninayo. Na kinyozi anayo. Sote tunayo. Hongereni."

Ofisa ustawi alimtazama Bi Tangazo, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Umeona, mama? Kwa hoja yako hiyo hiyo, ni ya watu wanne. Tuikate kwa msumeno? Ndiyo maana nasema irudi stoo. Isiwe ya mtu, isiwe na ugomvi."

Tabasamu lile. Baadaye Bi Tangazo alisema angeweza kuyavumilia mengine yote, hotuba, picha, grisi. Tabasamu lile hapana. Lilimwambia: najua hutasema ni ya nani, kwa sababu aliyekaa kitini ni ndugu yako.

Akakiweka kitabu kwapani, pale linapokaa daftari lake jeusi.

"Mkaguzi yuko ghorofa ya pili," alisema. "Kila siku napanda kwake. Leo sijapanda bado."

Mtunza stoo alibadilika rangi. Saini ya kutoa ilikuwa yake, si ya ofisa. Akamtazama ofisa, ofisa akatazama simu yake, akasema ana kikao, akaondoka akinyoosha koti.

"Sasa unataka nini?" mtunza stoo aliuliza, sauti imekauka. "Niambie, dada yangu. Nina watoto. Chagua, nimpe nani? Mpe mdogo wako aondoke nayo, mimi nitajua la kuwaambia wa kesho."

Lango lilikuwa wazi. Hatua hamsini, nayo ni barabara, na barabara ilikuwa inateremka mpaka sokoni.

Bi Tangazo hakumtazama mdogo wake. Alitazama kitabu.

"Barua moja ikisainiwa na watu wanne," alisema, "aliyeipokea ni wa kwanza. Wengine watatu wamesaini hewa. Hiyo ndiyo kanuni, siijui nyingine. Wa kwanza ni huyu mama."

Muuza mboga alikuwa amekaa chini, ndala zimelala mapajani.

"Hawa watatu," Bi Tangazo aliendelea, na sasa sauti ilikuwa inatetemeka kwa ghadhabu, "utawafuta. Mstari mmoja, wino mwekundu, chini yake pasomeke. Andika: haijapokelewa. Weka saini yako pembeni, mara tatu. Msiende kuandika mmetoa nne. Mmetoa moja! Na hiyo moja mmetolewa mdomoni kama mfupa!"

Mtunza stoo akafuta. Kalamu nyekundu ilikwaruza karatasi mara tatu.

Kisha Bi Tangazo akamwendea mdogo wake, akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akamwinua. Alikuwa mzito. Mikono ya fundi ilichelewa kuachia mipini. Ilibidi aivute mara mbili. Akamketisha kwenye benchi. Hawakutazamana. Dada na mtunza stoo wakampandisha muuza mboga, naye akakaa, akapapasa huku na huku, swali lake likawa moja tu.

"Breki iko wapi?"

Wakamwonyesha. Akatoka langoni, akashika mteremko.

"Na wa kesho," mwalimu mstaafu alimuuliza mtunza stoo, "mtawakabidhi nini?"

"Sijui, mwalimu."

"Wakabidhini hotuba. Nayo ina magurudumu, haichoki kuzunguka."

Saa nane mchana ule ule, ofisa ustawi aliandika barua ya kumtaka tarishi ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Barua ikaingia masjala, na kwa kuwa tarishi alikuwa mmoja tu, ikawekwa kwenye lundo lake. Aliibeba kutoka ghorofa ya pili mpaka chini, akaiweka mezani pake, akaipokea kwa mikono miwili, akaifungua, akaisoma, ndipo akafungua daftari jeusi akajisainisha. Makarani walicheka mpaka wakalala juu ya meza. Yeye aliandika jibu la kurasa tatu, kalamu ikitoboa karatasi.

Jumatatu, kabla ya saa kumi na mbili, alikwenda kwa mdogo wake. Alikuwa amekwisha kuazima toroli la jirani, atamsukuma mwenyewe. Alikuta komeo limefungwa kwa ndani.

"Nenda kazini, dada," sauti ilisema kutoka gizani mwa chumba.

"Fungua. Utachelewa."

"Nenda kazini."

Alisimama mpaka jua lilipotokeza, akaenda. Mchukuzi alifika na toroli lake saa moja kasorobo. Siku ya kabichi. Fundi viatu alifika sokoni saa moja na dakika ishirini, akakuta kwenye pembe yake meza ya kijana anayeuza vifuniko vya simu, vimepangwa kwa rangi. Mwenyekiti wa soko alikuwa mbali, ameupa mgongo upande ule.

Jioni Bi Tangazo aliukuta mlango uko wazi. Mdogo wake alikuwa amekaa kitandani, sanduku la vifaa liko sakafuni, kifuniko kimefungwa kwa kamba. Dada alianza kusema kabla hajakaa. Alisema ataandika kwa mkoa, ana nakala ya ukurasa ule, mistari mitatu ya wino mwekundu, wataona. Alisema mwenyekiti wa soko naye atamwona, kuna sheria ya watu wenye ulemavu, ilibandikwa ubaoni mwaka juzi, anayo, ataitafuta. Alisema yule kijana wa suti atamkumbuka mpaka wajukuu wake. Alitembea chumbani hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi, chumba hakikuwa na zaidi ya hizo. Alisema watu hawa hawana haya, hawana haya, hawana haya.

Fundi viatu alimwacha amalize. Ilichukua muda.

"Yule mama wa mboga," alisema kisha, "nimemwona leo. Amepita mbele yangu pale langoni, amejaza mchicha nyuma. Anaendesha vibaya. Anakata kona kama lori. Sina neno naye."

"Hukustahili—"

"Nisikilize, dada. Pale uwanjani uliongea na mtunza stoo, ukaongea na yule kijana, na mwalimu, na kitabu. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, mikono kwenye mipini. Wewe ndiye uliyesema nisishuke, na wewe ndiye uliyenishusha." Alikuwa akiitazama mikono yake. "Ungeniuliza tu."

Dada aliacha kutembea. Alitafuta pa kukaa, hakukuwa na kiti. Akakaa sakafuni karibu na sanduku, mgongo ukutani, uso ameuelekeza mlangoni. Nje watu walikuwa wakirudi makwao na sauti zao. Alipojibu, ilibidi mdogo wake ainame ili amsikie.

"Niliogopa utakataa."